Mti Ulioachwa Ziwani

Mbao kavu haitoki jasho. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua, na Afiba alikuwa mwanamke mzima, viganja vyake vigumu kwa miaka ya kupiga msasa. Kwa hiyo Jumanne ile, saa sita ya mchana, jua limesimama utosini na mvua haijanyesha wiki ya tatu, alipokuta vipande vya kobe wa mbao alivyovianika kwenye ungo vimelowa chapachapa, alisimama kwanza akaviangalia. Kisha akavinusa. Vilinuka tope la ziwa.

Akamuuliza mumewe kama amevimwagia maji. Lando, bila kuinua kichwa kwenye msumeno wake, akamjibu kwamba maji ya kunywa yenyewe yanatafutwa kwa ndoo, sembuse ya kumwagia kobe.

Walikuwa wanatengeneza mafumbo ya mbao, yale ya vipande vya kupanga mpaka itoke picha: kobe, tumbili, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Lando alikata pale barazani kwa msumeno mwembamba kama uzi, Afiba akapiga msasa, akapaka rangi na kushona vifuko vya kutilia. Mpimaji wao alikuwa binti yao Norine, wa miaka tisa. Mama akibandika wali, Norine humwagiwa vipande sakafuni. Akimaliza kupanga kabla wali haujaiva, basi fumbo ni rahisi mno, baba akate upya. Duka moja la mji mkuu, Paramaribo, lilichukua kila walichotengeneza, na watalii wakaondoka nacho kwenda kwao. Nikisema nyumba ile ilikuwa na raha, sitii chumvi.

Mbao ililetwa na Hesdi, kaka yake Afiba, wa tumbo moja. Ni yeye peke yake duniani aliyemwita Afi, tangu alipokuwa akimbeba mgongoni kuvuka vijito. Hesdi alikuwa mzamiaji. Lile ziwa la bwawa la umeme lilipojaa, enzi za bibi zao, lilimeza vijiji na makaburi na msitu mzima, na miti yake imesimama majini mpaka leo, imekufa lakini migumu kuliko ya nchi kavu. Wanaume hushuka na misumeno kuikata. Ya kukatwa ni mingi. Mmoja tu haukatwi.

Ulikuwa nyuma ya kijiji cha bibi zake Afiba, na ulikuwa nyumba ya jini. Siku ya kuhama, maji yameshafika vizingitini, wazee waliufunga kitambaa cheupe, wakaumwagia ramu, wakasema na mwenyewe aliyemo: sisi tunahamishwa, hatukukimbii, wewe kaa na nyumba yako, hakuna mtoto wa matumbo yetu atakayeigusa. Habari hiyo kila mtoto wa ukoo ule alikua nayo. Lando ni mtu wa juu mtoni, wa ukoo mwingine, lakini naye aliisikia, na kila mzigo ulipofika alimuuliza shemeji yake huu ni mti gani. Hesdi alimcheka. Akamwambia ni ya ng'ambo, miti isiyo na jina, na shemeji aache kushtukashtuka kama kuku mgeni. Afiba naye alimwambia mumewe aache kumsumbua kaka yake.

Kobe walikaushwa tena, na kesho yake mchana wakalowa tena. Tumbili wakafuata. Halafu msumeno ukaanza kulia barazani Lando akiwa mezani anakula, ukalia taratibu, kama unaokata kitu kinene chini ya maji, na walipotoka kuutazama waliukuta umening'inia ukutani na meno yake yanadondosha matone.

Kilichomtisha Afiba zaidi kilikuwa Norine. Mtoto aliacha kupima mafumbo. Alikaa kwenye kona ya chumba ameupa mgongo mlango, akichomoa vipande kwenye vifuko tofauti, akigeuza rangi ndani, akikiingiza cha kobe kwenye cha tumbili na cha tumbili kwenye cha ndege, na vikaingiana bila hata unywele kupita kati yake. Lando alivishika, akavigeuza.

"Hivi nimevikata siku mbalimbali," akanong'ona. "Haviwezi kuingiana."

"Norine," mama yake akamuuliza, "unajenga nini?"

"Nyumba yake."

"Ya nani?"

"Ya yule mliyemwacha," mtoto akasema, akaendelea na kazi yake.

Kilisimama kule konani kitu cha mviringo, kinene, chenye maganda ya rangi kwa ndani na mbao nyekundu kwa nje, leo kikamfika Norine kiunoni, kesho kifuani, keshokutwa kikampita kichwa, na katikati yake palikuwa na pengo la vile vipande vilivyokwisha kwenda na watalii, pengo ambalo siku ya kwanza halikuwa na umbo lolote, lakini kila mchana liliponyooka kidogo Afiba aliliona lina mabega, halafu lina shingo, mpaka alipofahamu, huku ameshika mwiko na wali unaungua, kwamba limefanana na mtoto wa miaka tisa aliyesimama wima. Jioni hiyo Norine alikohoa, akatokwa na maji mdomoni, meusi, yenye harufu ya ziwa.

Ukoo ukaitana. Mama yake Afiba ndiye aliyesema mwanzo, na alisema kwa ukali: mwenye kutia msumeno ni Lando, na Lando ni mgeni, amekata bila kuomba ruhusa, aondoke na pepo lake. Hesdi alikuwepo. Akaunga mkono kwa sauti ya kusikitika, akasema alimwonya shemeji mara nyingi lakini hasikii. Lando akamgeukia mkewe, na Afiba, Mungu amsamehe, alikuwa ameshautoa nje mfuko wa nguo za mumewe.

"Uliza mti ulitoka wapi," Lando akamwambia. "Usiniulize mimi." Akachukua mfuko wake, akaenda kwao mtoni.

Siku tatu zikapita, na pengo lile likapata vidole. Ndipo akaitwa Mai Seli, mwanamke mwenye kuuza mikate ya muhogo kando ya barabara, ambaye majini humsikiliza kwa sababu, kama watu wasemavyo, hata wao wanamwogopa mdomo. Alikuja mchana na unga mikononi. Alimtazama mtoto, akautazama ule mti wa vipande, akauliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Tumemfukuza," Afiba akasema. "Ndiye aliyekata."

Mai Seli akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mwanangu, huyu mtoto ni wa tumbo la nani?"

"La kwangu."

"Basi hii ni kunu, na kunu ni kisasi kinachofuata tumbo la mama. Kama mkosaji angekuwa Lando, wangekuwa wanakohoa maji watoto wa dada yake huko juu, nanyi hapa mngelala usingizi. Aliyeugusa mti ule amenyonya titi ulilonyonya wewe."

Afiba alimgeukia mama yake. Mama alikuwa anaukunja upindo wa khanga yake mapajani, anaukunjua, anaukunja tena. Bibi wa umri ule, sheria ya kunu anaijua kuliko jina lake.

"Mama. Ulikuwa unajua."

"Wote nimewazaa mimi," mama akasema, wala hakuinua macho.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, wakadhani ni maneno ya kumalizia mazungumzo. Afiba alitembea mpaka kwa kaka yake hana viatu. Alimkuta chini ya gari lake, anafuta mafuta kwenye msumeno wa kuzamia, na tambara analofutia lilikuwa kitambaa cha zamani, kimeoza pembeni, lakini katikati kingali cheupe. Hakuhitaji kuuliza, ila aliuliza, maana alitaka amsikie akikana. Hesdi hakukana. Ukame ulishusha maji, akasema, kilele cha mti kikatokeza wazi, mbao nyekundu ya kutosha mwaka mzima. Naye alidhani baada ya miaka sitini kule chini mwenyewe ameshakufa.

"Kwa nini uniletee mimi, Kaka?"

"Mjini wanauliza mti umetoka wapi. Wewe huniulizi, Afi. Hujawahi kuniuliza."

"Na ulijua kunu inafuata tumbo. Mimi ndiye dada yako wa pekee, na sina mtoto mwingine."

Hesdi akaangalia mikono yake. "Nilijua haitaanza na mimi," akasema.

Hata hivyo aliahidi. Mai Seli alikuwa ameeleza kwamba kunu haifukuzwi, hupozwa tu, na cha kuipoza ni aliyekosa asimame mbele ya mti ule akiri kwa mdomo wake. Hesdi akasema kesho adhuhuri atakuja. Adhuhuri ikafika, ikapita. Gari halikuwepo, simu haikupokelewa, na alasiri jirani akaleta habari kwamba alionekana mpakani, anavuka Mto Maroni kwenda upande wa Wafaransa, kwenye machimbo ya dhahabu.

Saa ile ile Norine akaketi kitandani, nywele zinachuruzika maji, akasema kwa sauti ya mzee ambaye koo lake halijatumika siku nyingi.

"Mliniambia nikae. Nimekaa. Maji yalinipita kichwani, nimekaa. Leteni aliyenikata, au nitaziba nyumba yangu na huyu."

Mai Seli alimvuta Afiba nje, akamwambia polepole kwamba ukimwita yule kwa wema haji, na kwamba Afiba mwenyewe anajua ni neno gani litakalomrudisha. "Lakini nisikufiche. Akiingia chumba kile, siahidi kwamba atatoka. Na ndugu akitolewa na nduguye, hayaishi hapo. Umenisikia?"

Afiba alisikia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga simu mara kumi na moja, na ya kumi na moja ikapokelewa. Akasema, "Kaka, Norine amefariki. Tunamzika Ijumaa." Hakuna Msaramaka, mtu wa kabila lao, aliye hai anayekosa maziko ya mtoto wa dada yake, mjomba asipokuwepo, jeneza haliinuliwi. Alimsikia Hesdi akilia, kilio kile kile cha siku waliyomzika baba yao, na akafungua mdomo amwambie ukweli. Kisha Norine akakohoa ndani, naye akakata simu.

Hesdi alifika Ijumaa asubuhi, macho yamevimba, kwapani chupa ya ramu ya matanga. Norine alikuwa amepelekwa kwa jirani. Afiba alisimama mlangoni, akamwonyesha chumba kwa kidole. Hesdi alimshika bega alipompita, akaingia, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake, na hapo hapo kule ndani ukaanza mlio wa msumeno, taratibu, ule wa chini ya maji, halafu maji yenyewe, mengi, yakijaa chumba kisicho na bomba wala ndoo, yakipiga kuta kwa ndani huku chini ya mlango halitoki hata tone, na Mai Seli amemshika Afiba mikono yote miwili, na mama yake ameanguka kifudifudi uani anakula mchanga, na katikati ya yote ikasikika sauti ya Hesdi, si ya kupiga kelele, ni ya mtu anayeleta habari njema.

"Afi," akasema. "Afi, mtoto hayumo humu."

Kisha kukawa kimya. Walipofungua, sakafu ilikuwa kavu kama jivu. Vipande vilikuwa vimetawanyika kila mahali, kobe na tumbili na ndege, na Hesdi amelala chali katikati yake, maji meusi yanamtoka puani. Daktari alisema amekufa maji, akauliza ni katika mto gani.

Vile vipande vilirudishwa ziwani kwa mtumbwi, na kitambaa kipya cheupe. Norine akapona siku ile ile, akaomba wali na mchuzi wa karanga. Afiba alikwenda juu mtoni, akampigia Lando magoti mbele ya mama zake wote. Lando akarudi, kwa ajili ya mtoto, alisema, na Afiba hakudai zaidi. Siku hizi hununua mbao kwa mtu anayemwona kwa macho yake akikata. Yeye na mama yake hawasemeshani. Mafumbo yanauzwa, na yakianikwa yanakauka.

Miezi minne baadaye, mchana mmoja, Afiba alibandika wali, akamwagia Norine vipande vya kobe sakafuni. Alikuwa anachambua pilipili aliposikia harufu ya petroli na sigara, ile aliyokuwa akiinusa shingoni mwa kaka yake akimvusha vijito. Aligeuka. Norine alikuwa ameketi kimya, amempa mgongo, na vipande mbele yake havijaguswa.

"Norine, hupangi?"

Mtoto hakugeuka. Alipojibu hakuwa na hasira, wala sauti haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyesafiri usiku kucha na chupa ya ramu kwapani.

"Afi," akasema, "mbona uliniambia mtoto amekufa?"