Jina la Profesa Mwingine

"Dada, wenzako wananunua samaki, wewe unanunua matumbo?"

Kokuberwa aligeuka, ndoo mkononi, kitenge kimepandishwa juu ya buti za mpira. Katikati ya kelele za soko la Mwaloni, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alikuwa anamcheka waziwazi.

"Nayachunguza. Nataka kujua sangara siku hizi wanakula nini."

"Basi nichunguze na mimi. Naitwa Masalu, nafundisha Kiingereza sekondari, Nyakato."

Kokuberwa alijaribu kununa, akashindwa. Penzi halina hodi. Masalu akamwita "daktari wangu" hata kabla ya shahada ya uzamivu kutoka, na ilipotoka alimchinjia jogoo.

Kilichobaki ni kazi. Kokuberwa aliomba nafasi tisa za utafiti kwa waliomaliza uzamivu. Zote tisa zilirudi na "tunasikitika". Ya kumi ilikuwa ya miaka miwili Uswisi, kwa profesa wa samaki wa maziwa makubwa. Mwisho wa kutuma, saa kumi na moja jioni.

Siku hiyo ya mwisho umeme ukakatika kwake Pasiansi, kompyuta ikazima. Akampigia Masalu.

"Mpenzi, kila kitu kiko kwenye barua pepe yangu, neno la siri unalijua. Nitumie toka hapo shuleni."

"Ondoa shaka, daktari wangu."

Saa kumi na robo alipiga tena. "Umetuma?"

"Bado. Koku, nisikilize kwan..."

"Bado? Unataka muda uishe nibaki hapa nikufulie mashati! Si useme tu!"

Akakata. Masalu alipiga mara tatu, hakupokea. Kokuberwa alipanda bodaboda mpaka Nyakato, machozi yakikaushwa na upepo.

Alimkuta ofisi ya walimu, kalamu nyekundu mkononi. Masalu hakubishana. Alimsogezea barua aliyoichapisha, aya ya mwisho imezungushiwa duara. Kokuberwa alisoma. Alikuwa amemwambia profesa wa Uswisi kwamba ndoto yake ya siku zote ni kufanya kazi na profesa fulani wa Finland, yule yule aliyemkataa mwezi wa tatu. Alikuwa ameinakili barua ya tisa, akasahau kubadilisha jina.

"Barua ni yako," Masalu alisema. "Nisingeigusa bila kukuuliza."

Masikio yalimwaka kwa aibu. "Nisamehe. Nilidhani hutaki niondoke."

"Sitaki, kweli. Lakini ukibaki, ubaki kwa kupenda."

Kokuberwa alirekebisha jina, akatuma zikiwa zimebaki dakika nane.

Wiki sita baadaye alimpigia akilia. "Nimepata, Masalu! Asante, mpenzi wangu. Bila kalamu yako ningekuwa nimejikataa mwenyewe."

"Hongera, daktari wangu. Mungu ni mwema." Sauti ilishuka. "Miaka miwili, eh?"

"Kuna fomu wameniletea. Wanauliza kama nakwenda na mume. Nijaze nini?"

Alisikia kiti kikianguka.

"Usitume! Usitume kwanza! Jumamosi baba mdogo anapanda meli kwenda kwenu Bukoba na barua ya posa."

"Umeshaiandika?"

"Toka mwezi wa tatu."

Kokuberwa alifuta machozi, moyo umejaa shukrani mpaka unamwagika. "Basi ilete niisome kwanza. Baba yangu anaitwa Mzee Kahigwa. Usije ukaniposa kwa baba wa mwingine."