Mafuta ya Ufuta Chupani

Nesi Demetria aliinusa chupa mara mbili. Ilikuwa Jumanne, Machi 12, 1996, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa Sadallah, fundi samani wa Keko. Dawa ya kuuzuia mwili usilikatae figo la kupandikizwa hunuka spiriti. Hii ilinuka mafuta ya ufuta matupu. Mtu alikuwa ameimwaga dawa.

Sadallah alikuwa amelala, miguu imevimba. Miaka miwili nyuma, huko India, alipandikizwa figo la mama yake, Bi Mwanakombo, mwenye miaka sitini na nne. Madaktari walisita, kwani figo la umri ule likishambuliwa halistahimili. Demetria akampeleka hospitali, akarudi mbio kuanza kuuliza.

Alianza na Kornelio, muuza dawa wa Temeke. Kornelio alifungua mbele yake chupa nyingine ya shehena ileile. Ukali wa spiriti ukawapanda puani wote wawili. Hakuwa yeye.

Akabaki Naima, mke, aliyepima dozi kila asubuhi na kuichanganya na maji ya machungwa. Naima alilia. Alisema mwezi uliopita alikuwa msibani Bagamoyo siku tisa. Aliporudi, mumewe alimwambia dawa siku hizi imekuwa laini, akadhani kiwanda kimebadilisha.

"Na ufuta?"

"Mie napikia nazi, sista. Mwenye ufuta ni mama mkwe. Anachulia kovu lake."

Demetria alibisha hodi chumba cha uani, alikolala Bi Mwanakombo.

"Shikamoo, mama. Naima alipokuwa Bagamoyo, nani alipima dawa?"

Bi Mwanakombo hakukana. Alieleza kwamba kliniki alimsikia daktari akisema dawa ile ikizidi huliharibu figo. Akaona wanalichoma figo lake ndani ya mwanawe.

"Nilikuwa nalilinda," alisema.

"Daktari alisema kweli, mama. Ndiyo maana tunapima damu yake, tuijue dozi. Lakini bila dawa kabisa, mwili wake unalila."

Bi Mwanakombo alishika ubavu wake, akakaa chini.

Hospitalini, sindano za kuuzuia mwili usilishambulie figo zilichukua siku tano. Siku ya saba vipimo vya uchafu katika damu vilishuka, na Demetria akakimbia wodini na karatasi ya majibu mkononi. Alimkuta Bi Mwanakombo ukingoni mwa kitanda, ameshamweleza mwanawe yote, akisubiri hukumu.

Sadallah alimshika mkono.

"Figo ulishanipa, mama," alisema. "Sasa niachie."