Wanane wa Jina Moja

Kadi zilikuwa saba, na Bi Kadi alijua kuwa ni saba kwa sababu alizipanga kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu ile alipovuta droo akahesabu nane.

Hakushtuka papo hapo. Miaka kumi na tisa katika ofisi ile inayochapa kamusi ya watu mashuhuri ilikuwa imemfundisha kwamba kadi hupotea, hujificha nyuma ya nyingine, hugandana kwa unyevu. Kazi yake ilikuwa watu wa jina moja. Ukikuta katika kamusi watu watano wanaitwa vilevile, mmoja mfalme na mwingine mpishi, lazima awepo mtu wa kuwatenganisha ili mpishi asije akavikwa taji. Mtu huyo ndiye yeye, na ndiyo maana wenzake walimbandika jina la Bi Kadi. Kila mtu kadi yake, kila kadi mistari minne, si zaidi: alizaliwa lini, alifanya nini, alisifika kwa lipi, alikufa lini. Aliye hai, mstari wa mwisho huachwa mtupu.

Kadi ya nane ilikuwa na mstari wa kwanza peke yake, tarehe ya kuzaliwa. Mwandiko ulikuwa wake Bi Kadi, hata ule mkia wa tarakimu ya tano ambao huuvuta kushoto, na wino ulikuwa haujakauka. Droo nzima ilinuka nywele zilizoungua. Na tarehe ile ilikuwa siku aliyomzaa binti yake.

Jina lenyewe mimi silitaji. Mwenye hamu nalo akaulize kwingine, na akilipata asije akanilaumu. Ninachoweza kusema ni waliolibeba walikuwa akina nani. Wa kwanza hakimu, wa zama za kuandikia ngozi. Wa pili tabibu wa macho. Halafu mjenzi wa madaraja, mshairi, mtazama nyota, mpiga kinanda, na wa saba mwanamieleka ambaye hakuna aliyewahi kumgusisha mgongo chini. Watano wanaume na wawili wanawake, nchi saba, karne zaidi ya kumi, wala hakuna ukoo uliowaunganisha. Jina tu. Bi Kadi aliipanga droo ile akiwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwenye droo nyingine yoyote: katika wale saba hakuna aliyeshindwa. Droo nyingine unakuta shujaa mmoja na matapeli watatu. Hii haikuwa na doa. Basi akaenda na jina lile nyumbani. Mama yake mzazi alipomsihi amwite mtoto kwa jina la bibi yake, akajibu kwamba bibi alipika, akafua, akafa, basi. Alilisema hilo mbele za watu, na mama yake akaaga mapema.

Mumewe alikuwa mwalimu wa sekondari, aliyepitwa vyeo mara nne, mara mbili kati ya hizo na wanafunzi aliowafundisha mwenyewe. Alilipenda jina kabla hajamaliza kulisikia.

Lakini mama ni mama. Ndani ya nyumba alimwita binti yake Kidoti, kwa ajili ya alama ndogo nyeusi chini ya sikio, na Kidoti alikuwa mtoto kama watoto. Aliimba nyimbo akichanganya maneno. Aliiba sukari. Akicheka, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na kwikwi ikimshika alicheka zaidi.

Siku ya ile kadi, Bi Kadi alirudi nyumbani akaanza kukumbuka mambo aliyokuwa akijitia hamnazo. Jirani aliyeingiwa na chembe ya chuma jichoni, Kidoti akamshika kichwa, akaitoa kwa ncha ya karatasi iliyokunjwa, mkono hautetemeki, kisha akaenda kunawa mpaka kwenye viwiko. Watoto wawili waliogombania mpira, akawakalisha mbalimbali na kumuuliza kila mmoja alichokiona, si anachodhani, akatoa hukumu, na hata watu wazima waliokuwa kibarazani wakaikubali. Daraja la matao sita alilolichora nyuma ya daftari. Baba yake alilibeba daftari lile mpaka chumba cha walimu, akalizungusha meza kwa meza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake wenzake wakamsogezea kiti.

Kila kipaji kilipoingia, kitu kilitoka. Sukari ilikwenda kwanza, mtoto akasema inamchefua. Kicheko kikafuata. Mwishowe akaacha kuitika jina la Kidoti. Ukimwita, aligeuka kutazama nyuma yake, kuona anaitwa nani. Jioni moja aliweka kijiko chini na kumuuliza mama yake kwa adabu kabisa: "Huyo Kidoti ni nani? Mbona unamwita sana?"

Mwalimu alicheka. Bi Kadi aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba ili asisikike akilia.

Siku iliyofuata ile ya kadi akaomba ruhusa kazini, akabaki nyumbani. Mtoto alirudi kutoka shuleni saa saba, akala, akaingia chumbani na kufunga mlango. Saa nane, jua likiwa kali na mtaa mzima umelala usingizi wa mchana, harufu ya nywele zilizoungua ikapita chini ya mlango. Bi Kadi alivua viatu. Alisikia kwanza kikohozi, cha mzee, kizito, halafu vidole vikipigapiga ukingo wa kitanda, halafu sauti ya mwanamke ikihesabu taratibu, na mwanamume akimsahihisha, na mwingine akicheka chini chini, na alipoinama kwenye tundu la kitasa, akamwona mwanawe amekaa kitandani peke yake, mikono imepumzika mapajani, midomo imefungwa kabisa, na sauti zile zote zikitoka kifuani mwake moja baada ya nyingine, na koo lake dogo likipanda na kushuka kama la mtu anayemeza, na macho yake yakiwa yamekwisha tulia muda mrefu juu ya tundu lile lile la kitasa.

"Bado kidogo, mama," sauti moja ikasema. "Vumilia."

Bi Kadi alikimbilia ofisini. Ndiko alikokuwa amezoea kupata majibu. Alishuka stoo ya chini zinakohifadhiwa rasimu, yale maandishi marefu ambayo kadi hupunguzwa kutoka humo, akatoa yale ya watu saba, akayatandaza sakafuni. Kila rasimu ilikuwa na mstari wa tano. Na kila mstari wa tano ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu.

Mama wa hakimu alikataa kuhudhuria kuapishwa kwake, akisema mwanawe alikufa akiwa na miaka saba. Mama wa tabibu alikufa kipofu, hakutaka mikono ile imguse. Alisema si ya mwanawe, mwanawe aliondoka akiwa na miaka saba. Mama wa mpiga kinanda alifungiwa nyumba ya wendawazimu kwa maneno hayohayo. Mama wa mshairi. Mama wa mwanamieleka. Wote saba, kwa lugha saba, karne hata karne, walilia kilio kimoja, na kuna watu waliokiandika, na kilivuka moto na mchwa na vita kikafika mpaka meza ya Bi Kadi. Kalamu nyekundu ilikuwa yake. Mistari ni minne. Aliwakata siku mbalimbali, mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, kila mara akijiambia kwamba kina mama hawakosi la kusema, na siku ile ya mwisho, mimba ikimpiga mateke, hata hakuusoma mstari mpaka mwisho.

Siku ya kuzaliwa ilikuwa bado siku tisa. Kidoti alikuwa anatimiza miaka saba.

Watu wakamwelekeza kwa fundi saa mmoja, ghorofa ya tatu, mtu wa maneno machache ambaye mambo ya majini aliyajua kutoka kwa babu zake na hakupenda kuyasema. Alimsikiliza mpaka mwisho akiwa na lenzi jichoni na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Kisha akamweleza kwamba yupo jini asiye na jina. Kuishi bila jina ni adhabu kwao, hawaitwi, hawatajwi, hawakumbukwi. Huyu aliliokota jina la mtoto mmoja zamani sana, likamkaa vizuri, na tangu hapo kila anayeitwa hivyo kwa tamaa, yeye huja kuitika. Kwa tamaa, alirudia. Wapo wengi wenye jina hilo waliopewa kwa kumpenda bibi au shangazi, hao hawagusi. Hamtesi mtu, wala hataki kafara. Hufanya kazi nzuri ili atajwe. Ila kifua ni kimoja, hakiwatoshi wawili.

"Waliompa jina ndio watakaomvua," fundi saa akasema. "Wewe na baba yake, kwa kinywa chenu, mara tatu. Halafu msilitamke tena mpaka mnaingia kaburini. Na akitoka, anatoka na vyake vyote. Utabaki na mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu."

"Ndiye ninayemtaka."

"Na mwenzio?"

Mwalimu aliapa. Ilimchukua siku sita kuapa, na katika siku hizo alisema mkewe amechoka, akasema ana wivu, akasema ofisi ile ina vumbi linaloharibu akili za watu, mpaka Bi Kadi alipomshika mkono akamsimamisha kwenye tundu la kitasa saa nane mchana. Aliondoka pale rangi imemtoka, akasema sawa, tumvue.

Walifanya siku ya saba, sebuleni, madirisha yamefungwa, mtoto amekaa kwenye mkeka katikati yao na fundi saa nyuma yake. Bi Kadi akasema, jina tulilokupa tunalichukua. Mwalimu akasema vilevile. Mtoto akatabasamu, na harufu ikawa nzito hata macho yakawawasha. Mara ya pili, Bi Kadi akasema, Mwalimu akasema, na mwili wa mtoto ukalegea, kichwa kikaanguka kifuani, na kwikwi ikamtoka, moja, halafu nyingine.

"Mama," Kidoti akasema. "Nina kiu."

Ilikuwa sauti yake. Bi Kadi alikuwa hajaisikia sauti ile kwa miezi minne, na alikwisha nyanyuka nusu kwenda kuleta maji wakati fundi saa alipomkandamiza bega na kumnong'oneza kwamba bado mara moja, amalizie, maji baadaye. Akakaa. Akasema mara ya tatu, machozi yakimwingia mdomoni, jina tulilokupa tunalichukua.

Wakamgeukia Mwalimu.

Ndipo jini lilipofungua kinywa cha mtoto, na halikusema na Bi Kadi hata kidogo, lilimtazama baba, likasema naye taratibu kwa sauti ya mtu anayemhurumia, likamuuliza nani alimjua kabla yake, nani alimsogezea kiti, likamkumbusha barua nne za kunyimwa vyeo alizozificha chini ya nguo kabatini na ambazo hata mkewe hakujua kuwa bado anazisoma, likamwambia kwamba kesho kutwa mtoto huyu atakuwa mtu wa kufuta pua, na yeye atakuwa nani, atakuwa baba wa nani, na mkewe anamwangalia Mwalimu bila kupepesa, na chini ya sauti ile, ndani kabisa, kama mtu aliyefungiwa kwenye chumba cha mbali, Kidoti akiwa bado anaomba maji.

Mwalimu alifumba macho. Kisha akaliita jina, lote, kwa mapenzi, kama lilivyoandikwa kwenye kadi.

"Abee, baba," likaitika.

Kwikwi ikakoma. Fundi saa alikusanya vitu vyake bila kumtazama mtu.

Bi Kadi hakuondoka katika nyumba ile. Angeondokaje, na mwili wa mwanawe uko pale, unahitaji kuoshwa, kulishwa, kusukwa nywele? Aliulea mpaka ukakua. Halikumwita mama tena, wala halikumkosea adabu hata siku moja.

Wa nane amekuwa daktari wa upasuaji wa watoto wachanga. Huwafungua vifua vidogo visivyozidi kiganja, na wanaishi. Mwaka jana walimpa tuzo, ukumbi umejaa kina mama waliobeba watoto ambao bila yeye wangekuwa udongoni, na huo ndio ubaya wa jambo hili, kwamba huwezi hata kumchukia ukapumzika. Mwalimu alikaa mstari wa mbele na suti mpya. Bi Kadi hakualikwa. Alikwenda mwenyewe, akapata kiti nyuma karibu na mlango. Daktari alimshukuru baba yake, kisha akainamisha kichwa kidogo, akasema mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Watu wakasikitika. Mwalimu naye alisikitika, akapiga makofi pamoja nao.

Kwenye kiti cha jirani alikaa mwanamke mwenye mimba kubwa. Alimwinamia Bi Kadi, macho yamejaa machozi ya furaha, akamwambia huyu wake atamwita jina lilelile, ili naye awe mtu.

"Usimpe," Bi Kadi akasema. "Nakuomba. Mimi ndiye mama yake."

Mwanamke alilitazama jukwaa, akamtazama kikongwe mwenye kandambili na wino vidoleni. "Pole, bibi," akasema kwa upole, akabeba mkoba wake, akasogea viti viwili mbele. Kisha akaweka mkono tumboni, akalitamka jina polepole ili mtoto aanze kulizoea, na tumbo likacheza.