Vigingi vya Saa Moja na Nusu

"Huyo Wanzala wako asikanyage kwangu Jumamosi. Na ng'ombe zake abaki nazo huko Likuyani."

Navalayo alikuwa anafagia nyumba yake ya Shieywe, simu ameibana kwa bega. Ufagio ukasimama.

"Baba, amefanya nini?"

"Nilimwita jana anipimie mpaka, mimi na huyu jirani Onesmus tuache kelele kabla wageni wafike. Leo naamka, napata vigingi vimeingia kwa miwa yangu hatua tatu nzima. Onesmus anacheka mpaka anakohoa. Mtu anayeibia baba mkwe kabla hajaoa, akishaoa si atanibeba mimi mwenyewe?"

"Pengine alikosea tu."

"Si kupima ndiyo kazi yake? Nimempigia nikamuuliza. Amesema tu, 'Pole, Baba, kosa ni langu.' Mtu asiye na hatia anajiteteanga."

Mzee Andati akakata simu. Navalayo akaketi kwenye mkono wa kiti. Miaka miwili ameingoja Jumamosi hiyo ya mahari. Shangazi zake huko Butali walishashona nguo za kufanana, na kuku wa wageni walishachaguliwa, kila mmoja na jina la atakayemla. Leo ilikuwa Alhamisi.

Akamwandikia Wanzala: "Baba amenipigia. Ulifanya nini kwa shamba letu?"

Jibu likaja upesi: "Nilikosea, Nava. Akinikubali nitapima upya. Usigombane na mzee kwa ajili yangu."

Jibu hilo lilimchoma kuliko simu ya baba. Onesmus amemhonga? Alilibeba swali hilo mpaka chuoni, na kuna wakati alikaribia kuliamini, Mungu amsamehe.

Kazi ya Navalayo ilikuwa ya anga. Juu kabisa, kilomita mia tatu hivi kutoka paa za Kakamega, hewa imejaa chembe za umeme zilizochomwa na jua. Jua likizama, hasa huku kwetu karibu na ikweta, na hasa mwezi kama huu wa Machi, hewa hiyo huchafuka. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo huyumba. Alikuwa na chombo juu ya paa la chuo kinachoandika kuyumba huko, dakika kwa dakika, na alikuwa amekifuata kwa miaka minne.

Akafungua kompyuta. Mstari wa jana ulikuwa umetulia hadi saa moja jioni. Kuanzia saa moja na dakika ishirini ulirukaruka ajabu. Alikuwa hajapata jioni nzuri kama hiyo msimu mzima, akatabasamu. Kisha tabasamu likamfia mdomoni, akachukua simu.

"Wanzala, jana ulipima saa ngapi?"

"Ya nini, Nava?"

"Nakuuliza."

"Saa moja na nusu hivi. Mvua ilitufungia mchana kutwa."

"Kwa nini hukungoja leo asubuhi?"

"Si wewe uliniambia."

Akarudi nyuma kwenye meseji zao. Ilikuwepo, na moyo mwekundu mwishoni: "Mpenzi, maliza leo leo hata giza likiingia. Sitaki wazee waamkie kelele kesho."

Yeye, msomi wa saa hiyohiyo, ndiye aliyemtuma mpenzi wake shambani na mashine inayotegemea satelaiti. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Mashine haikukuonyesha kitu?"

"Ilisumbuasumbua. Nikadhani ni betri, nikaendelea. Nilitaka nikuambie nimemaliza."

"Mbona hukumwambia Baba ni mimi niliyekuharakisha?"

"Nava, nimchongee mtoto kwa baba yake, na mtoto huyohuyo ndiye ninayemposa?"

Ijumaa alfajiri Navalayo alikuwa Butali. Alimkuta baba yake akinywa chai, akamweleza yote bila kujipaka mafuta.

"Kwa hivyo hewa ya mbinguni imesogeza kigingi changu," Mzee Andati alisema.

"Baba, maji ya kusongea obusuma yakichemka si yanatoa mapovu? Huko juu nako jua likizama mapovu yanapanda. Mashine inaona vibaya, kama wewe ukitazama kupitia mvuke."

"Na hiyo ndiyo umesomea miaka minne?"

"Ndiyo."

"Ukaisahau siku moja ulipoihitaji."

"Ndiyo, Baba."

Mzee alimaliza chai yake taratibu. "Mwite basi. Apime jua likiwa juu."

Saa nne asubuhi Wanzala alisimama kwenye majani ya miwa, macho kwenye mashine. Onesmus alisimama upande wa shamba lake, mikono kifuani. Mkonge uliopandwa kuonyesha mpaka uliteketea zamani miwa ilipochomwa, na hakuna aliyekumbuka ulipokuwa.

"Hapa," Wanzala alisema, hatua tatu kutoka kigingi cha juzi, upande wa Onesmus.

Mzee Andati akachukua jembe mwenyewe. Pigo la kumi na kitu likagonga kitu kigumu. Akachimbua kwa mikono, likatokea jiwe la mpaka lililozikwa na wapimaji wa kwanza, alama ya msalaba ingali juu yake.

Onesmus alilitazama, akashusha mikono. "Yamekwisha, jirani," akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anamtazama Wanzala.

"Ni huyu alikuharakisha, na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, Baba."

"Na ulikubali nikuite mwizi."

"Mashine ilikuwa mikononi mwangu mimi."

Mzee Andati akapangusa udongo viganjani. Navalayo alisimama kando akilia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

"Ng'ombe tulipatana sita," mzee alisema. "Kesho leta watano. Huyo wa sita umeshamlipa."