Sauti Zote za Kasuku

Kosa la fundi redio lilianza kwa utani, na mimi ninayesimulia niliucheka, Mungu anisamehe. Tulikuwa na miaka kumi na saba. Tulimwita Kasuku, maana kwenye banda la video yeye ndiye aliyezitia filamu za kigeni maneno ya lugha yetu na kuyarekodi kwenye mkanda: mume, mke, mtoto, wote kwa mdomo wake mmoja. Kulikuwa na filamu ya jini bubu. Jini aliponyoosha mkono kuomba, Kasuku akamjibu, "Chukua mwanangu wa kwanza. Mimi sina hata mchumba." Tulivunjika mbavu.

Akiwa na miaka arobaini na mbili, aliukuta mkanda ule kwenye boksi la viatu. Akaifufua deki moja mbovu, akauweka mchana, bintiye wa miaka tisa ubavuni.

"Baba, huyo mwanamke naye ni wewe?"

"Wote ni mimi, mama."

"Na jini?"

Kasuku akaisogelea televisheni. Jini, ambaye hakuwahi kumtia sauti, alikuwa ametoka kusema, taratibu kabisa, "Nimekubali."

Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Binti akafungua mdomo aulize tena. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Wiki nzima haikutoka. Ila mkanda ukiwekwa, jini alimwita Kasuku "baba," kwa sauti ya yule mtoto.

Mganga aliyemsomea mtoto dua alimnong'oneza Kasuku, "Ulimtoa kwa mdomo, utamrudisha kwa mdomo. Weka mkanda, shika kipaza sauti. Akikuuliza nani badala yake, jitaje wewe. Usimtaje mwingine."

"Nami nitabaki nani?"

"Utabaki baba yake."

Akaweka mkanda, bintiye ubavuni tena. Nyuma ya pazia mama yake mzazi alikuwa kwenye msala tangu adhuhuri, akimwombea mjukuu. Ile harufu ikarudi, deki ikaanza kukoroma kama mtu aliyekabwa, na jini akageuza uso kutoka kwenye filamu akamtazama Kasuku, akanyoosha mkono uleule wa zamani, akauliza kwa sauti ya kitoto, "Badala yangu nani, baba?" na Kasuku, aliyekuwa amelikariri jina lake njia nzima kutoka kwa mganga, akafikiria redio zake, sauti yake, miaka yake iliyobaki.

"Mama yangu," akanong'ona. "Ameshakula chumvi nyingi."

Nyuma ya pazia dua ikakatika katikati ya neno.

"Baba," binti akasema, kwa koo lililokauka. "Bibi amekusikia."

Pazia likafunguka. Bibi alisimama na tasbihi mkononi, akimtazama mwanawe, midomo ikicheza bila sauti. Na kwenye televisheni, kwa sauti ileile iliyombembeleza Kasuku akiwa mchanga, jini akasema, "Nimekubali, mwanangu."