Mbuzi wa Dorika Wananona

Mnada wa Ifakara ulikuwa umefurika watu asubuhi ile ya mwaka 1994, Ildefonce, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikono ikasimama, alipomwomba mchinjaji kitu kilichowageuza shingo wote waliomsikia.

"Nataka matumbo ya kondoo yenye minyoo. Minyoo iwe hai."

"Kaka, wenzako hununua nyama," alisema binti aliyekuwa nyuma yake, kitenge cha manjano kimembana kiunoni. "Nani amekukosea hata ukampikie hayo?"

Alikuwa Paskalina, mfugaji wa mbuzi kule Lumemo. Ildefonce alimweleza kwamba alikuwa mtu wa maabara, akijaribu kama maji ya magome ya mgunga yanaua minyoo. Akaanza kumtembelea Lumemo, na kabla masika hayajakatika, kila mtu aliwaita wachumba, isipokuwa Ildefonce mwenyewe, ambaye hakutamka neno asilokuwa tayari kulitimiza.

Jaribio lilipohamia kwa mbuzi, mabanda ya Lumemo yaligawanywa kwa kura: mengine yapewe dawa, mengine maji yaliyotiwa rangi yafanane nayo. Mkuu wa maabara peke yake ndiye aliyejua ndani ya chupa mna nini. Ildefonce alinywesha tu.

Haukupita muda mrefu, mbuzi wa Dorika, jirani yake Paskalina, wakanona na kung'aa. Wa Paskalina walibaki mbavu nje.

"Shoga, mbuzi hupendeza wanapopendwa," Dorika alimtupia kijembe kisimani, akizungusha bangili zake.

Wivu ulimchoma Paskalina. Alimngojea Ildefonce penye ua.

"Dorika umempa dawa, mimi umenipa maji."

"Sijui nani amepata nini, mpenzi. Nilikwisha kukueleza."

"Kwangu unanywesha, unaondoka. Kwake unakaa. Juzi umekula ugali wake."

"Ulikuwa wali."

"Kumbe hata chakula chenyewe unakikumbuka." Akaushika mfuko wake wa chupa. "Nibadilishie chupa, nijue unanipenda."

"Hilo silifanyi. Hata kwa ajili yako."

"Basi Limbu, yule Msukuma mwenye ng'ombe, ameleta posa kwa baba. Jumapili nitamjibu."

Ildefonce alipanda baiskeli yake. Wivu ulimsihi ageuke, kiburi kikamkataza.

Jumamosi mkuu wa maabara alitoa siri ya chupa. Jioni hiyohiyo Ildefonce alirudi Lumemo, shati halikupigwa pasi.

"Mbuzi wako ndio waliokunywa dawa," alisema. "Wa Dorika walikunywa maji."

"Mbona wamenona?"

"Anawalisha pumba za mashineni. Dawa yangu haiui kitu, Paskalina."

Furaha ilimjia Paskalina kwamba hakunyimwa dawa, kisha akayaona macho ya Ildefonce yenye huzuni, akaona haya. Akamshika mkono. "Pole, mpenzi wangu. Pole sana."

"Sasa tumeruhusiwa kuwanywesha wote dawa ya dukani." Alifungua mfuko wake. "Nimeanzia kwako."

"Banda la kwanza njiani ni la Dorika."

"Nimelipita."

"Atasema unanipendelea."

"Safari hii atakuwa amesema kweli. Limbu umemjibu nini?"

"Jumapili haijafika."

"Basi niitie baba yako."