Mikono Nyuma ya Mkanda

Asubuhi hiyo mafundi walikuwa kumi na tisa, na watu kumi na tisa, hata uwagawe kwa ubishi wa namna gani, hawagawanyiki wawili wawili. Ajabu ni kwamba kwenye kukaguana hakubaki mtu peke yake.

Pale saiti hakuna aliyepanda ghorofani kabla mwenzake hajamkagua mkanda wa usalama. Ndoano inakaa mgongoni, na mgongo wako huuoni, hivyo lazima umwamini mtu. Walisimama safu mbili. Wa nyuma anavuta kamba, anafunga ndoano, inalia tak, kisha wote wanageuka, aliyekaguliwa naye anakagua. Utaratibu huo aliuleta Shangazi, mwakilishi wao wa usalama, mfupi wa kimo lakini si wa maneno. Jina alilipata kwa Fundi Chuma, mtoto wa kaka yake, aliyemwita hivyo mbele za watu siku ya kwanza, basi saiti nzima ikalidaka. Kaka mwenyewe hakuwapo tena duniani. Alianguka kwenye jengo jingine, hana mkanda wala mwenzake, na Shangazi aliapa juu ya kaburi lake kwamba huyu mtoto hataondoka hivyo.

Siku hiyo seremala alikuwa kitandani, homa imembana. Shangazi akasubiri atakayebaki bila mwenzake amkague yeye mwenyewe. Akasikia tak ya mwisho. Akahesabu vichwa, kumi na tisa. Akarudia, vilevile.

"Nani hana mwenzake?"

Watu wakatazamana.

"Babu Saruji, wewe uko mwisho wa safu. Nani kakukagua?"

Mwashi mzee akageuka, akakuta ukuta mtupu. "Ah! Si alikuwa hapa sasa hivi? Mikono ya baridi, lakini kakaza vizuri tu."

"Babu siku hizi unaota umesimama!" akadakia mchomeleaji, na watu wakacheka. Shangazi naye alicheka, ila pua yake ilinasa harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, na kicheko kikamkauka.

Kesho yake mchomeleaji huyohuyo aliegemea kamba yake kule ghorofa ya sita, kamba ikamwachia. Bahati yake alidaka nguzo. Wenzake wakamvuta juu, ndoano yake iko wazi. Aliyemkagua akaapa kwa watoto wake wote kwamba aliifunga, tena aliisikia.

Hapo ndipo shaka ilipoingia, na ikishaingia haina adabu. Waliokula sahani moja wakaanza kutupiana jicho la pembeni. Msimamizi wa ujenzi, ambaye dakika kumi za ukaguzi zilimuuma kuliko jino bovu, alimvuta Fundi Chuma kando.

"Huyo shangazi yako ndiye anayefungua ndoano," alimnong'oneza. "Anataka tuogope, aonekane wa maana. Usimpe mgongo."

Fundi Chuma akarudi kwenye nondo zake. Lakini jioni hiyo hakumsubiri shangazi yake waende nyumbani pamoja kama kawaida, na hilo lilimchoma mama wa watu kuliko tusi.

Siku ya tatu safu haikupangika. Kila mmoja alijitenga, mgongo kwenye nguzo. "Mkanda wangu nitaukagua mwenyewe," walisema. Shangazi akasihi, akafoka, akachoka. Kisha akasikia tak. Ikafuata nyingine, na nyingine, na alipotazama akaona kamba za watu ambao hakuna aliyewasogelea zinajivuta zenyewe taratibu, mgongo kwa mgongo, nguzo kwa nguzo, huku ile harufu ya kisima ikipanda mpaka kooni, na kila aliyeguswa akikodoa macho mbele bila kuthubutu kugeuka, kwa sababu kila mmoja alijua hakumpa mtu mgongo wake.

"Jini hilo," Babu Saruji akanong'ona. "Haliji mbele. Linatafuta mgongo usio na mwenyewe."

"Shikaneni!" Shangazi akapiga kelele. "Kila mtu ashike mkanda wa mwenzake, sasa hivi! Fundi Chuma yuko wapi?"

Alikuwa ameshapanda.

Walipanda ngazi wameshikana kama mnyororo, Shangazi mbele, Babu Saruji mwisho akipanda kinyumenyume mgongo wake ukikwaruza ukuta, kumi na tisa pamoja na Shangazi, hakuna anayemwachia mwingine. Walimkuta ghorofa ya saba, kwenye ukingo ambao haujapata ukuta, uso wake ukiwaelekea, visigino hatua moja kutoka hewani.

"Njoo, mwanangu. Njoo kwangu."

"Usisogee!" Fundi Chuma akanyoosha kiganja kumzuia. "Shangazi yuko hapa nyuma yangu. Ananikagua. Anasema huyo aliyekuja kwa ngazi ndiye jini, nirudi nyuma kidogo."

Shangazi aliona nyuma ya kijana mbingu tupu. Machozi yakamtoka, hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa kwa mchomeleaji na mwingine ameunyoosha.

"Sikulazimishi uniamini," alisema. "Mwambie tu aje mbele yako. Umwone uso."

Fundi Chuma akainamisha kichwa begani, akamnong'oneza aliye nyuma. Akasubiri. Kamba ya mkanda wake ikavutika kuelekea ukingoni, kisigino kimoja kikateleza.

"Hataki," akasema. "Shangazi, hataki kuja mbele!"

Akajitupa kwao. Shangazi akamkumbatia kifua kwa kifua, akapitisha mikono nyuma ya mgongo wake kuitafuta ndoano, na alipoifikia akakuta vidole vingine vimeshaikamata, vya baridi, virefu, vinaifungua.

Hakupiga kelele. "Nisaidieni," alisema polepole.

Mchomeleaji akaleta mkono wake, kisha aliyemfuata, kisha wengine wote waliokuwa wakishukiana tangu jana, na wakavibandua kimoja kimoja, watu kumi na tisa, hakuna hata mmoja aliyethubutu kuvihesabu.